Hakuna Masika Yasiyo na Mbu: Kupima Ila za Nyuklia na Kawi Nyenginezo

Stima ikipotea mtaani baada ya magharibi, baraza yetu hupata mada bila kuitafuta. Siku moja kiza kilipotanda, kijana anayeuza barafu na maji baridi alisema kwa uchungu, "Si watuletee hiyo nyuklia tupumzike?" Mzee aliyekuwa akimimina kahawa akamkata kauli, "Nyuklia? Wataka tuzae watoto wenye vichwa viwili?" Ubishi ukachukua hadi adhana ya isha.

Nilirudi nyumbani nikiwaza. Kijana alikuwa na haki yake, kwani mtaji wake wote ulikuwa ndani ya friza ukiyeyuka. Mzee naye alikuwa na haki yake, kwani kuna jambo la kuogopwa kweli. Lakini kila mmoja alipima kitu kimoja peke yake, bila kukiweka kwenye mizani na chengine. Wahenga walisema hakuna masika yasiyo na mbu. Hakuna kawi isiyo na ila. Swali la mtu mwenye akili ni ila gani, ya ukubwa gani, nani ataibeba na kwa muda gani.

Swali hili si la mbali nasi. Katika miaka ya karibuni Pwani imeletewa mipango miwili mikubwa: mtambo wa makaa ya mawe kule Lamu na kinu cha nyuklia kule Uyombo, kaunti ya Kilifi. Yote miwili ilipingwa. Ipo siku utaletwa wa tatu, na ni bora utukute tushajua la kuuliza. Makala haya yanapitia kila chanzo cha umeme na ila zake, ndugu msomaji, ili uyaweke kando na kuyarejea wakati wa haja.

Mizani yenyewe

Ili tusionee chanzo chochote, tutakiuliza kila kimoja maswali yale yale matano. Kinaua au kuuguza watu wangapi? Kinagharimu nini, na kinachukua muda gani kujengwa? Kinafanya nini kwa ardhi, maji na bahari? Kinapatikana kila saa au kwa msimu? Na kikimaliza kazi yake, kinaacha nini nyuma?

Nyuklia

Watu wengi hudhani kinu cha nyuklia ni bomu lililofungwa kamba. Sivyo. Kazi yake ni kuchemsha maji. Chembe za urani hupasuliwa, zikatoa joto kali, maji yakawa mvuke, na mvuke ukazungusha rafadha ya kuzalisha umeme. Tofauti na jiko la makaa ni kwamba kinachobaki baada ya urani kutumika hutoa mionzi, na mionzi hiyo haionekani, haina harufu wala haizimwi kwa maji.

Ila ya kwanza ni ajali. Mnamo 26 Aprili 1986 kinu cha Chernobyl, Ukraine, kililipuka. Watu takriban 30 walikufa katika miezi ya mwanzo, na zaidi ya 300,000 walihamishwa kwa jumla. Watoto waliokunywa maziwa yaliyoingia mionzi walipata saratani ya tezi ya shingo. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yalikadiria kwamba vifo miongoni mwa walioathirika zaidi huenda vikafikia 4,000 kadiri miaka inavyokwenda. Mnamo 11 Machi 2011 tetemeko na tsunami zilipiga kituo cha Fukushima, Japani. Hapo lipo funzo ambalo wengi hawalijui: zaidi ya watu 150,000 walihamishwa, na waliokufa kwa sababu ya kuhamishwa, wengi wao wazee na wagonjwa, walipita 2,000. Kifo ambacho serikali ya Japani ilikihusisha na mionzi yenyewe kilikuwa kimoja. Yaani hofu na uhamisho wa pupa navyo huua.

Sisi wa Pwani tusijidanganye kuwa tsunami ni ya Wajapani. Ile ya 26 Disemba 2004 iliyoanzia Indonesia ilivuka Bahari Hindi nzima, ikaua watu wengi Somalia na kufika kwetu. Kenya iliponea kwa kuwa maji yalifika bahari ikiwa imekupwa.

Ila ya pili ni taka. Urani iliyotumika hupozwa ndani ya hodhi la maji kwa miaka kadhaa, kisha hutiwa kwenye makasha mazito ya chuma na zege. Baadhi ya vitu vilivyomo hubaki hatari kwa maelfu ya miaka. Plutoniamu, kwa mfano, huchukua takriban miaka 24,000 ili nguvu yake ipungue nusu. Mji wa kale wa Gede umeachwa miaka mia kadhaa tu na tayari tunabishana kuhusu kilichowatoa wakaazi wake. Sasa fikiria kuwaachia wajukuu onyo la kudumu miaka elfu makumi. Ufini imechimba mahandaki ya Onkalo, zaidi ya mita 400 chini ya mwamba, kuzika taka zake. Nchi nyingi zenye vinu bado hazina kaburi la kudumu la taka hizo.

Ila ya tatu, na kwangu ndiyo nzito zaidi kwa nchi kama yetu, ni pesa na muda. Kinu cha tatu cha Olkiluoto, huko huko Ufini, kilianza kujengwa 2005 kwa ahadi ya kumalizika 2009. Kilianza kazi ya kawaida Aprili 2023. Vogtle, Marekani, vinu viwili vilivyokadiriwa kugharimu dola bilioni 14 vilimalizika kwa zaidi ya bilioni 30. Hao ni matajiri wenye wahandisi wao. Kinu cha Kenya, cha megawati 1,000, kilikadiriwa kugharimu takriban shilingi bilioni 500, kianze kujengwa 2027 na kutoa umeme 2034. Mwenye kujenga nyumba kwa mkopo anajua makadirio huishia wapi.

Ila ya nne hutajwa mara chache barazani. Kilele cha matumizi ya umeme Kenya kilipita megawati 2,300 mwaka 2025. Wataalamu wana kanuni ya kukisia kwamba mtambo mmoja usizidi sehemu ya kumi ya gridi, kwa sababu ukizima ghafla, iliyobaki yapaswa kuubeba mzigo wake. Mnamo Juni 2016 tumbili mmoja alianguka juu ya transfoma katika kituo cha Gitaru. Umeme wa chini ya megawati 200 ukapotea, na nchi nzima ikaingia gizani. Ikiwa tumbili aliweza hivyo, kinu cha megawati 1,000 kikizima kwa dharura itakuwaje? Na kinu chenyewe chahitaji umeme wa kuaminika kutoka nje ili kujipoza. Kukosa umeme wa kupozea ndiko kulikoiangamiza Fukushima.

Ila ya tano ni bahari. Kinu huvuta maji mengi ya kupozea na kuyarudisha yakiwa na joto. Uyombo ni jirani ya mlango wa Mida na mikoko yake, hifadhi ya bahari ya Watamu iliyowekwa 1968, na msitu wa Arabuko-Sokoke, ambao ndio msitu mkavu wa pwani mkubwa kuliko yote iliyosalia Afrika Mashariki. Wavuvi wetu waliona mwaka 1998 jinsi maji yalivyopata joto na matumbawe yakageuka meupe na kufa kwa wingi. Matumbawe hayavumilii joto la ziada, na samaki hawakai penye matumbawe mfu.

Sasa tuseme na haki ya nyuklia, maana mizani ina sahani mbili. Haitoi moshi. Inafanya kazi usiku na mchana, masika na kiangazi. Watafiti waliogawanya vifo kwa kiasi cha umeme unaozalishwa, pamoja na vifo vya ajali na vya moshi, wamekuta makaa ya mawe yako juu kabisa, na nyuklia iko chini kabisa pamoja na upepo na jua. Ufaransa hupata karibu thuluthi mbili ya umeme wake hivyo. Afrika Kusini inaendesha kituo cha Koeberg, kaskazini mwa Cape Town, tangu 1984. Misri yajenga vinu vinne El Dabaa. Na ndugu zetu wanaofanya kazi Abu Dhabi huenda hawajui kwamba karibu robo ya umeme wa Imarati watoka vinu vinne vya Barakah, ufuoni mwa Ghuba. Lakini Imarati walikuwa na fedha taslimu, gridi kubwa na mkandarasi wa Korea aliyekwisha kujenga vinu kama hivyo kwao, na bado iliwachukua kutoka 2012 hadi 2024 kumaliza vyote vinne.

Basi mzee wa kahawa alikosea aliposema nyuklia inaua kuliko vyote. Kijana wa barafu naye alikosea aliposema itatupumzisha upesi.

Makaa ya mawe

Mradi wa Lamu ungejengwa Kwasasi, wa megawati 1,050, karibu na mji wa kale uliotiwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Mnamo 26 Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni yake. Miongoni mwa sababu ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na athari kwa tabianchi hazikupimwa sawasawa.

Ila za makaa ya mawe hazihitaji ajali ili zidhihirike. Zinatokea mtambo ukiwa mzima na unafanya kazi vizuri. Moshi wake hubeba vumbi laini linalopenya hadi ndani ya mapafu, gesi zinazoleta mvua yenye asidi, na zebaki inayoingia baharini, ikamezwa na samaki, nasi tukamla samaki. Majivu yake hurundikwa mlima mzima na yana madini ya sumu yanayoweza kuvuja hadi visimani. Na mtambo huo pia huvuta maji ya bahari na kuyarudisha moto. Juu ya hayo, mkataba ungeibana nchi kwa miaka 25. Faida yake ni kwamba hujengwa upesi kuliko nyuklia na huwaka kila saa. Kwenye mizani yangu, hicho ndicho chanzo kilicho na ila nyingi kuliko vyote, na watu wa Lamu waliipa nchi hidaya ambayo haijashukuriwa vya kutosha.

Mafuta na gesi

Mombasa yaijua kawi hii vyema. Mitambo ya Kipevu, na ule wa Rabai, huchoma mafuta mazito. Faida yake ni kuwashwa na kuzimwa haraka pale nchi inapopungukiwa, na imetuokoa mara nyingi. Ila yake utaiona kwenye tokeni. Mafuta hununuliwa kwa dola, na kila bei ya dunia ikipanda, gharama ya mafuta huongezwa kwenye bili yako. Kuna moshi na kuna hatari ya kumwagika bandarini. Gesi asilia ina moshi mdogo zaidi. Tanzania huitumia kutoka Songo Songo tangu 2004, na mwaka 2021 Kenya na Tanzania zilikubaliana kuhusu bomba la kuileta Mombasa. Lakini gesi nayo huvuja, ikipasha dunia joto kuliko moshi wa kawaida, na ni mali inayokwisha.

Maji

Bwawa huonekana safi: hakuna moshi wala taka. Mabwawa ya mto Tana, yaani Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yaliiwasha Kenya kwa miaka mingi. Lakini ila zake ziko chini ya mto, na chini ya mto ni kwetu. Bwawa huzuia rutuba na mafuriko ya kadiri, yale ambayo wakulima wa Kipokomo waliyategemea kwa mpunga na maembe yao, na huzuia mchanga uliokuwa ukijenga fukwe. Kisha mvua ikizidi kipimo, kama Aprili na Mei 2024, mabwawa hufurika na wa Garissa na Tana River wakaambiwa wahame. Kiangazi nacho huyakausha: mwaka 2009 Masinga ilifungwa kwa kukosa maji, na nchi ikaingia kwenye mgao wa stima, kama ilivyokuwa 1999 na 2000.

Na tusisahau ajali. Mwaka 1975 bwawa la Banqiao, Uchina, lilipasuka kwa mvua za kimbunga na makumi ya maelfu ya watu wakafa. Ni wachache wanaolikumbuka jina hilo, ilhali kila mtoto analijua la Chernobyl. Watu huogopa kilicho kigeni kuliko kinachoua.

Mvuke wa ardhini

Hapa Mola ameijaalia Kenya. Bonde la Ufa lina joto karibu na uso wa ardhi, na tangu mtambo wa kwanza wa Olkaria uanze kazi 1981, nchi imefika zaidi ya megawati 900. Ndicho chanzo chetu kikubwa zaidi, na hakijali mvua wala usiku.

Ila zake? Kuchimba kisima kimoja, kilomita mbili au tatu chini, ni ghali, na huenda kikatoka kikavu. Hewa yake ina harufu ya mayai viza, nayo ni gesi inayodhuru ikizidi. Mitambo imo ndani na kando ya hifadhi ya Hell's Gate. Na mwaka 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa kupisha Olkaria IV, malalamiko yao yakafika hadi kwa wakopeshaji wa kimataifa na kuishia kwenye upatanishi. Kwa hiyo hata kawi nzuri huweza kuletwa vibaya.

Upepo

Mashamba ya Ziwa Turkana, kule Marsabit, yana rafadha 365 na uwezo wa megawati 310. Upepo haununuliwi, wala hauna moshi. Lakini angalia yaliyotokea. Rafadha zilikuwa tayari 2017, waya wa kuleta umeme Suswa ukachelewa hadi 2018, na mlipa kodi akatozwa mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao hakuupata. Mwaka 2021 mahakama ilisema hati za ardhi ya mradi huo hazikutolewa kwa kufuata sheria, baada ya jamii za wafugaji kushtaki. Upepo nao una tabia yake. Ukitulia, rafadha zimesimama, na lazima chanzo chengine kiwe tayari. Ndege na popo hugongwa. Na sumaku za rafadha nyingi huhitaji madini adimu, aina ile ile inayotamaniwa kule kilima cha Mrima, Kwale, penye msitu wa kaya na ardhi ambayo kwa asili yake ina mionzi kuliko kawaida kwa sababu ya madini ya toriamu. Kuna kushindana kwa kilima hicho, na chanzo chake ni hiyo hiyo haja ya dunia ya kawi safi.

Jua

Nani atalilaumu jua, nasi limetuchoma tangu kuzaliwa? Langobaya, kaunti ya Kilifi, kuna mtambo wa jua wa megawati 40, na Garissa kuna mwengine wa megawati 50. Paneli hujengwa kwa miezi, wala si miaka. Mvuvi aweza kuwa na yake juu ya paa, asingoje mtu wa kampuni. Bei yake imeshuka sana katika miaka kumi na mitano iliyopita.

Ila ya kwanza kila mtu aijua: usiku hakuna jua. Ya pili ni ardhi, takriban ekari tano kwa kila megawati, na sisi wa Pwani tushaumizwa mno na maswali ya ardhi. Ya tatu ni hewa yetu ya chumvi, inayokula nati, fremu na nyaya. Fundi asiyejua hilo hukuuzia paneli ya miaka ishirini ikawa na kutu baada ya miwili.

Ya nne ni betri, na hii nataka uisome mara mbili. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu kupata risasi kiliwatia sumu wakaazi. Watoto walipatikana na risasi mwilini, mimba zikaharibika, watu wakafa. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaendelea hadi Mahakama ya Juu, iliyowapa haki tena Disemba 2024. Hakukuwa na nyuklia pale wala makaa ya mawe. Kulikuwa na betri tu, zile zile za magari na za sola. Basi anayesema jua halina taka, mpeleke Owino Uhuru.

Kuni na makaa

Kuna chanzo ambacho hakina mkutano wa hadhara wala mwekezaji, nacho ndicho kinachotuua kimya kimya: moshi wa jikoni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani. Wanaobeba mzigo mkubwa ni mama na watoto wanaopikia kuni, makaa na mafuta ya taa katika jiko lisilo na dirisha. Ongeza mikoko inayokatwa na misitu ya kaya inayomegwa. Kila tunapokataa mtambo na tusiwe na badala, tunakuwa tumechagua, bila kusema, kuendelea na moshi huu. Mama anayepuliza jiko hakuhudhuria mkutano wetu, lakini uamuzi umemhusu.

Kuiweka mizani sawa

Tukitazama kwa jumla, twaona aina tatu za ila. Kuna ila ndogo za kila siku zinazojikusanya: moshi wa makaa ya mawe, wa mafuta, wa kuni. Hizi huua zaidi, lakini hazipigwi picha. Kuna ila kubwa za nadra: nyuklia na mabwawa. Mwaka huu hakuna, mwakani hakuna, kisha siku moja wilaya nzima yahama. Na kuna ila za ardhi na haki: upepo, jua na mvuke. Hizi hazitokani na teknolojia bali na namna watu walivyoendewa, kwa hiyo zaweza kurekebishwa, mtu akitaka.

Maoni yangu niyaseme wazi. Sipingi nyuklia kwa kuwa ni haramu au uchawi. Naona haitufai kwa sasa kwa sababu tatu. Gridi yetu ni ndogo na dhaifu kwa kinu kikubwa kama hicho. Deni lake litawafunga hata wasiozaliwa. Na taka zake zahitaji taasisi za kuaminika kwa karne nyingi, ilhali tulishindwa kulisimamia jiko moja la kuyeyushia betri hapa hapa Mombasa. Kwa nchi ambayo takriban sehemu tisa kwa kumi za umeme wake tayari hazitokani na mafuta, njia fupi ni kuongeza mvuke, jua na upepo, kuimarisha nyaya, na kuweka sheria kali ya kukusanya betri. Mwengine aweza kusoma hesabu hizi na akafika kwengine, na simlaumu, mradi awe amezisoma zote.

Kuhusu Uyombo, maandamano ya Mei 2024 yalikabiliwa na polisi, na baadaye, mwaka 2025, macho ya serikali yakageukia Siaya, kando ya Ziwa Viktoria. Wako miongoni mwetu walioshangilia. Mimi nilinyamaza. Mvuvi wa Siaya ana nyavu na watoto kama wa Uyombo, na ila haipungui kwa kuhamishwa kaunti.

Maswali ya kwenda nayo mkutanoni

Katiba ya 2010, kifungu cha 42, yampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 10 kimeweka ushirikishwaji wa wananchi kuwa msingi wa utawala. Basi ukiitwa kwenye kikao cha maoni, usiende kwa kupiga kelele wala kwa kuchukua soda na nauli. Nenda na haya:

1. Ripoti ya athari kwa mazingira iko wapi, na je, iko kwa Kiswahili tunachosoma?
2. Ardhi ni ya nani leo, na atalipwa nini kabla jembe halijapiga?
3. Maji yatavutwa kutoka wapi, na yatarudi na joto gani?
4. Taka zitawekwa wapi, na nani atazilipia mradi ukifungwa?
5. Mkataba ni wa miaka mingapi, na tutalipa hata tusipotumia umeme?
6. Mtambo ukizima ghafla, gridi itasimama?
7. Ajali ikitokea saa nane za usiku, njia ya kutorokea ni ipi, na nani atawabeba wagonjwa na wazee?
8. Vijiji vinavyouzunguka mtambo vitapata stima, au nyaya zitapita juu ya vichwa vyao kwenda kwengine?

Swali la nane msilidharau. Wako watu wanaoishi chini ya nyaya kubwa na usiku huwasha kibatari.

Jioni moja nilimkuta tena yule kijana wa barafu. Alikuwa amejipigapiga, akapata paneli na betri ya kulindia friza yake. Nikampongeza, kisha nikamuuliza, "Hii betri ikifa, utaitupa wapi?" Akacheka, akatazama mtaro ulio nyuma ya kibanda, kisha akaacha kucheka. Akasema, "Wallahi, hilo sikulifikiria."